Safari ya mtumbwi na uvuvi wa nzi bandia kwa wanaoanza: twende mto gani huku magharibi?

Mama Seme (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Naomba mawazo yenu kabla sijaanza kulipia chochote. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka nitakuwa na binti yangu wa miaka 15 na mpwa wangu wa miaka 17, na wote wawili wana hamu ya kukaa mtoni. Ninachowaza ni hiki: tuingie mtumbwini asubuhi, tushuke na mto polepole, tusimame penye maji mazuri tuvue kwa nzi bandia (ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ionekane kama mdudu), kisha tuendelee hadi mahali gari litakapokuwa linatusubiri.

Baba watoto amekulia ufuoni huko Seme na kafi analijua tangu utotoni. Mimi na hawa vijana hatujawahi kupiga kafi. Kuogelea tunajua, ila ni kwenye bwawa lisilo na mkondo. Ndugu yangu aliyerudi kutoka Uingereza ametuachia fimbo mbili za namba 5 (namba ni ya uzito wa mshipi), futi 9, na rili, yaani vigurudumu vya kuzungushia mshipi, na mishipi yake. Nimewaza Nzoia, Yala au Sondu. Mto gani unafaa watu wanaoanza?

Kafi la Alego

Dada, karibu sana. Nimefurahi kuona familia inayotaka maji kwa ajili ya kuyafurahia, kwa sababu wengi wetu huku tunayajua kwa kazi na mafuriko tu.

Hebu nianze na Nzoia, maana ndio watu huutaja kwanza. Kwenye ramani unavutia: unatoka Cherangani na Elgon, unapita Webuye kwenye maporomoko ya Nabuyole, unateremka Mumias, halafu unaingia ziwani upande wa Budalang'i. Kadiri unavyokwenda chini ndivyo unavyotulia na kupanuka, na mtu atadhani huko ndiko kwa anayeanza. Lakini huko ndiko kwenye mamba na viboko. Budalang'i nzima inaishi nyuma ya kingo za udongo kwa sababu mto ule hupanda ghafla. Mimi ni mtu wa mitumbwi na siwezi kumpeleka mtoto wa miaka 15 kushuka Nzoia ya chini kwa starehe.

Yala hali ni hiyo hiyo. Juu una miamba na mteremko, chini unaingia kwenye matete ya kinamasi ambako kiboko unaweza kumkuta umbali wa mita chache bila kumwona. Kiboko hahitaji kukuwinda ili akudhuru. Inatosha uwe umekaa kati yake na maji yenye kina, au umepita juu yake akiwa chini.

Mzee wa Kiptiget

Mama Seme, salaam kutoka Kericho. Huyo wa Alego amesema kweli, nami niongeze upande wa samaki.

Uvuvi wa nzi bandia kama ndugu yako alivyouzoea Uingereza ni uvuvi wa trauti. Trauti si samaki wa kwetu kwa asili. Waliletwa Kenya mwaka 1905, wakatiwa mto Gura kule Aberdare, kisha wakasambazwa kwenye mito mingine ya baridi. Wanataka maji baridi yenye hewa nyingi, maji yakipita nyuzi 20 wanaanza kutaabika. Huku kwetu maji ya namna hiyo yapo juu, kwenye Kiptiget na Itare, mito inayotoka msitu wa Mau ya Kusini Magharibi na kupita kando ya mashamba ya chai. Ni mito myembamba. Kuna mahali unavuka kwa hatua chache, miamba imejaa, matawi yamefunika juu. Mtumbwi hauna kazi pale.

Kwa hiyo penye trauti hapapitiki kwa mtumbwi, na penye kupitika kwa mtumbwi hapana trauti, tena pana wanyama. Watu wengi wanaopanga safari kama yako hawaliangalii hilo mapema. Wananunua vifaa, halafu wanalazimisha mto mmoja ubebe shughuli mbili. Tenganisha. Siku ya mtumbwi iwe na maji yake na siku ya nzi bandia iwe na maji yake. Vijana watajifunza vizuri zaidi pia, kwa sababu anayejifunza kafi na kurusha mshipi kwa wakati mmoja hapati hata kimoja.

Mama Seme (Kisumu)

Asanteni sana, mzee na ndugu wa Alego. Nakiri imeniuma kidogo kuuachia ule mshuko wa mto, ila sababu nimezielewa. Je, Sondu? Si ndiyo mito hiyo hiyo ya Kericho inapokutana?

Mzee wa Kiptiget

Ndiyo hiyo hiyo, na nimefurahi umeuliza. Itare na Kiptiget zote zinaishia Sondu, na Sondu inaingia Ghuba la Winam, la Ziwa Victoria. Maji yanaanza zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na kufika ziwani kwenye mita 1,134 hivi. Fikiria mteremko huo. Ndio maana pale chini pakajengwa mtambo wa umeme wa Sondu-Miriu wa megawati 60. Mto wenye nguvu ya kuzungusha mitambo, wenye maporomoko ya Odino, sio wa kujifunzia kafi.

Ila kwa samaki Sondu ni hazina. Ukishuka chini ya ukanda wa trauti unawakuta fwani, samaki mwenye magamba makubwa na nguvu za ajabu, na ningu. Fwani huchukua nzi bandia anayezama, na akivuta utajua. Hao ndio samaki wetu wa asili, wala hawahitaji maji ya baridi. Vijana wakishamudu kurusha, siku moja wavue fwani kutoka ukingoni, mchana, na mtu wa pale anayejua palipo na kina.

Ningu nawaombea. Mvua zikianza wanapanda mito kwenda kutaga, na tangu katikati ya karne iliyopita wamepungua vibaya kwa sababu nyavu ziliwangoja kwenye midomo ya mito. Ukimpata ningu msimu huo, mrudishe majini taratibu. Usimtoe hata kwa picha.

Dereva wa Molo

Mimi niko upande wa Nakuru. Kwa nini msije Naivasha? Ziwa tulivu, kuna samaki wa bass waliotoka Marekani miaka ya 1920, na wanachukua nzi bandia bila shida.

Kafi la Alego

Ndugu, Naivasha samaki wapo, lakini viboko ni wengi mno. Kwa boti yenye injini na nahodha mzoefu, sawa. Kwa familia inayojifunza kafi kwenye mtumbwi mwembamba, hapana.

Dada, pendekezo langu kwa siku ya mtumbwi ni ziwa Kanyaboli, huku kwetu Siaya, kama saa mbili kwa gari kutoka Kisumu. Ni ziwa dogo lililozungukwa na mafunjo, na mnaweza kuwa karibu na ukingo muda wote. Tena lina thamani ambayo wengi wanaoishi jirani hawaijui. Mbuta (sangara) alipoingia Ziwa Victoria, fulu wengi, wale samaki wadogo wa asili, waliisha kabisa, na ngege wa asili, jamii ya sato, akapotea huko. Kanyaboli likabaki kimbilio lao. Mtoto wako akimshika fulu mdogo kwa nzi bandia mdogo pale, ameshika samaki ambaye jamaa zake wengi wametoweka. Nzohe, yule swala wa kinamasini, naye yumo kwenye mafunjo yale.

Fanya hivi: fika kwanza bila watoto, uonane na BMU, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, pale utakapoanzia. Waambie unataka nini. Waulize wazi viboko walionekana wapi juma hilo, kwa sababu wanyama huhama kulingana na maji na majibu ya mwezi uliopita hayakusaidii leo. Kodi mtumbwi wao pamoja na mwenyewe. Mvuvi anayelala na kuamka pale anajua vitu ambavyo hakuna ramani itakuonyesha, na hiyo ni siku yake ya kazi, kwa hiyo umlipe vizuri.

Ingieni majini mapambazuko, mtoke kabla ya saa tano. Asubuhi upepo huku hutoka nchi kavu ukiwa mwepesi, mchana unageuka na kuvuma kutoka ziwani. Hata Kanyaboli, lililo dogo, linapata mawimbi ya kutosha kumtisha anayeanza.

Mama Seme (Kisumu)

Na kuhusu kukaa mtumbwini? Baba watoto anasema nyuma akae yeye.

Kafi la Alego

Amesema sawa. Wa nyuma ndiye anayeongoza mtumbwi, wa mbele anatoa nguvu na kuangalia visiki. Vijana wawekeni mbele, mmoja kwa kila mtumbwi. Msikae wanne kwenye chombo kimoja, kukitokea jambo chombo cha pili ndicho kitakachowaokoa.

Jaketi la kujiokolea livaliwe na kufungwa kabla mguu haujaingia mtumbwini. Jaketi lililowekwa chini ya kiti ni mzigo tu. Lijaribuni ukingoni: mwinue mtoto kwa mabega ya jaketi, likipanda hadi masikioni ni kubwa kwake.

Halafu, kabla ya kuvua chochote, tumieni nusu saa ya kwanza kupindua mtumbwi makusudi. Maji ya kiunoni, penye ufuo safi alipowaonyesha mwenyeji. Kila mtu aanguke, ashike chombo, arudi nacho. Mtoto aliyeanguka mara moja akiwa salama hataganda kwa hofu siku akianguka kweli. Sikubali kumpeleka mtu mbali na ukingo kabla hajafanya hivyo, awe mkubwa au mdogo.

Kuvua muwe mmekaa. Mmoja anavua, mwingine anashika kafi, mnabadilishana. Fimbo mbili zikirushwa ndani ya mtumbwi mmoja, ndoana itaishia kwenye sikio la mtu. Miwani na kofia ni lazima kwa wote wawili.

Muuguzi wa Nakuru

Samahani kuingilia, lakini hapo kwenye kupindua mtumbwi lazima tuongee kichocho. Kanda nzima ya ziwa ina kichocho, na konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia yenye majani, hasa ufuoni ambako watu huoga na kufua. Vijidudu hupenya kwenye ngozi kwa dakika chache tu, na huwa wengi majini jua likiwa kali, katikati ya mchana.

Sisemi msiende. Nasema zoezi la kupindua mlifanye asubuhi mapema, mbali na mafunjo na mahali pa kufulia, msikae majini zaidi ya inavyohitajika, kisha mjikaushe vizuri kwa taulo. Hata hivyo msihesabu kwamba taulo imewakinga. Wiki sita au zaidi baada ya safari nendeni hospitali, wote, mpimwe. Dawa ipo, praziquantel, na inafanya kazi. Kosa ni kusubiri dalili, kwa sababu mtu anaweza kukaa miaka bila kuona kitu huku ini na utumbo vinaumia. Malaria mnaijua, sina haja ya kurudia.

Mama Seme (Kisumu)

Muuguzi, ubarikiwe. Hilo la kupimwa baadaye sikuwa nimelifikiria kabisa. Kwa kweli naona ni afadhali zoezi la kupindua tulifanye kwenye bwawa la kuogelea hapa Kisumu kabla ya safari, kama nitapata mahali watakaporuhusu mtumbwi.

Kafi la Alego

Hilo ni bora kuliko nililosema mimi. Fanya hivyo.

Mzee wa Kiptiget

Sasa turudi kwenye fimbo. Namba 5 ya futi 9 inafaa sana kuanzia, msinunue nyingine. Na msingoje hadi mfike mtoni. Nendeni uwanja wa shule wenye nyasi, fungeni kipande cha sufi mahali pa nzi, bila ndoana, mfanye mazoezi jioni jioni.

Muwaeleze vijana jambo moja kwanza, maana ndilo linalowachanganya waliozoea mshipi wa kawaida. Kwa mshipi wa kawaida risasi, kile kizito kinachofungwa mwishoni, ndiyo nzito, ukirusha inavuta mshipi. Huku nzi hana uzito, mshipi wenyewe ndio mzito, na mkono unaurusha mshipi. Kwa hiyo ukirudisha fimbo nyuma, simama. Ngoja mshipi unyooke mgongoni, ndipo upeleke mbele. Chora uso wa saa: fimbo isimame namba 1 nyuma na namba 10 mbele. Ukisikia mlio kama wa mjeledi wa mchungaji, umeharakisha, na mtoni mlio huo maana yake nzi amekatika. Nguvu haisaidii. Wasichana wengi niliowafundisha hushika haraka kuliko wavulana kwa sababu hawapigani na fimbo.

Kiptiget ina vichaka nyuma, hivyo wajifunze pia kurusha bila kupeleka mshipi mgongoni: unaivuta fimbo taratibu hadi kando ya sikio, mshipi unaning'inia, kisha unaisukuma mbele mara moja na mshipi unajikunjua juu ya maji. Huo mrusho mmoja unatosha kuvua siku nzima kwenye mito yetu.

Samaki hutazama mkondo unakotoka, anangoja chakula kiletwe. Basi njooni kutoka chini mkipanda, nyuma yake. Rusheni juu yake, maji yamshushe nzi kwa mwendo wa maji. Nzi akivutwa na mshipi hata kidogo, trauti hamgusi. Tafuteni mahali maji ya kasi yanapopakana na maji ya pole, nyuma ya jiwe, chini ya ukingo uliochimbwa. Katikati ya mkondo mtupu msipoteze muda.

Dereva wa Molo

Mzee, hao nzi wananunuliwa wapi?

Mzee wa Kiptiget

Kenya hii hii. Mafundi wetu wanawafunga kwa mikono na wanauzwa Ulaya na Marekani, inasikitisha kwamba wavuvi wa hapa ndio hawawajui. Kwa kuanza chukueni aina chache: wa kahawia na mweusi wanaozama, ndoana namba 12 hadi 16, na wachache wa kuelea. Kabla ya kuwafunga, baneni jino la ndoana kwa plaisi lilale kabisa. Samaki anarudishwa bila jeraha kubwa, na ikimchoma mtoto inatoka bila kwenda hospitali.

Mama Seme (Kisumu)

Ruhusa je? Na tuje lini?

Mzee wa Kiptiget

Ruhusa zinaweza kuwa tatu, zisichanganywe. Leseni ya kuvua ni ya Huduma ya Uvuvi, waone ofisi yao ya kaunti. Kuingia msituni ni Huduma ya Misitu. Na kama ukingo uko ndani ya shamba la chai, kampuni yenye shamba ndiyo ya kukuruhusu. Mkiingia Mau, mwe na mlinzi wa msitu, tembo na nyati wapo.

Novemba msije. Mvua za vuli bado zinachafua mto, na maji ya kahawia trauti haoni nzi. Wiki ya mwisho ya Desemba hadi Februari ndio wakati wetu mkavu, maji yanapungua na kutakata. Hata hivyo Kericho ni Kericho, mvua ya radi na ya mawe huja alasiri wakati wowote. Anzeni saa kumi na mbili na nusu, saa saba mwe mmetoka. Fimbo hizo ni za kaboni na kaboni inapitisha umeme. Ngurumo ya kwanza ikisikika, fimbo chini, nje ya maji. Na mkiona maji yanabadilika rangi au majani makavu yanaanza kupita juu yake ilhali kwenu jua linawaka, panda ukingo mara moja, mvua imenyesha huko juu.

Jambo la miguu: msiingie na gambuti. Zikijaa maji zinamlemea mtu, hawezi kuogelea vizuri wala kutoka majini haraka. Raba za kufunga kamba na soksi nzito zatosha, na kila mmoja fimbo ya mti ya kupimia kina. Maji yasipite magoti kwa vijana. Mtu akichukuliwa na mkondo, alale chali, miguu itangulie, asijaribu kusimama, na auepuke mti ulioanguka majini kuliko anavyoepuka jiwe. Maji yanapita katikati ya matawi, mtu hapiti.

Mama Seme (Kisumu)

Nimeandika yote. Mpango wetu sasa uko hivi. Desemba mwanzoni, mimi na baba watoto tunakwenda Kanyaboli peke yetu kuonana na BMU. Zoezi la kupindua kwenye bwawa, na sufi kwenye uwanja wa shule kila jioni ambayo mvua haitanyesha. Jumamosi ya kabla ya Krismasi, Kanyaboli, mitumbwi miwili na wenyeji wawili, alfajiri hadi saa tano. Halafu Januari, kabla shule hazijafunguliwa, tunapanda Kericho, tunalala mjini, tunaingia Kiptiget asubuhi. Februari sote tunapimwa kichocho.

Mpwa wangu ameuliza kama anaweza kula trauti atakayemshika.

Mzee wa Kiptiget

Mwambie mmoja, aliye mkubwa wa kutosha na kwa mujibu wa leseni, si vibaya. Trauti ni mgeni hapa na mkaangoni ni mtamu. Amkaange siku hiyo hiyo, kwa siagi na chumvi tu, asimtie nyanya. Wengine awarudishe, na mikono ailoweshe kwanza kabla ya kumshika samaki, kwa sababu mkono mkavu unaondoa ute unaomkinga na maradhi.

Nikiwa na afya Januari nitawangoja barabarani na kuwaonyesha mahali pa kushukia. Niandikie humu tarehe ikikaribia.